Kuziba jino la mbele: je, inauma?

Juzi nimempokea kijana aliyekaa na jino la mbele lililomeguka mwaka mzima. Aliogopa sindano. Bado kidogo aling'oe, jino zima!

Kulirekebisha kwa kompositi mara nyingi hakuumi, wala hakuhitaji ganzi, ila kama jino limeoza au limevunjika karibu na mshipa. Tunalikwaruza kidogo, tunapaka dawa kali kama ndimu, tunaosha, kisha tunabandika kompositi ikiwa laini kama unga uliokandwa. Taa ya buluu huikausha kwa sekunde 20 hivi. Jino moja ni nusu saa hadi saa nzima. Hata madoa ya kahawia yaletwayo na maji ya visima yenye floridi nyingi hufunikwa hivyo.

Siku chache za kwanza maji baridi yatakushtua; ni kawaida. Lakini ukifunga mdomo na jino hilo litangulie kugusa, rudi lisuguliwe, usingoje livunjike. Siku 2 za mwanzo punguza chai na kahawa, zisilitie rangi. Muwa tafuna kwa magego. Soda fungua kwa kifunguo, tafadhali. Maumivu yakikuamsha usiku, usinunue vidonge tu dukani: njoo hospitali ya Mama Lucy Kibaki.