Gari la Kikundi: Tuliyoyapima na Tunayoyapendekeza

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya miaka 10 ya kikundi



Miaka 10 si kidogo jamani. Katika muda huo tumeona vikundi vingi vikianza kwa ngoma na vigelegele, kisha kimya. Sisi sanduku letu bado lina kufuli 3, na funguo zake bado zimeshikwa na akina mama 3 tofauti. Risala ya katibu imekwisha kueleza historia na mahesabu, kwa hiyo hatutayarudia. Sisi tutasema jambo moja tu, lile ambalo kila siku ya kikao, hisa zikishahesabiwa, linaanza upya: je, kikundi kinunue gari?

Wageni wetu wajue jambo hili limetoka wapi. Masika yaliyopita binti wa mwenzetu alishikwa na uchungu saa 8 usiku. Mvua inanyesha, gari hakuna. Alipakiwa kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mama yake nyuma anamshika, mpaka hospitali ya wilaya hapa Lushoto. Tunashukuru alifika, na mtoto ni mzima. Lakini tangu siku ile kila mwenye binti anajiuliza, je, zamu yetu itakuwaje?

Sababu ya pili ni ya biashara. Wapo watafiti, wapo watumishi wanaokuja kwa kazi za miezi, wapo wenye harusi. Wengi wanakodi gari kutoka Mombo, Korogwe au Tanga. Fedha inapanda mlima na kushuka nao siku hiyo hiyo. Baadhi yenu mkasema, kwa nini isibaki hapa?

Basi kikao kiliteua kamati ya watu 5, na kamati imefanya kazi yake kwa miezi 3. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, gari lenyewe. Wengi walitaja Toyota RAV4, na sisi tukaanza na hilo kwa kuwa mafundi wa hapa wanalijua na spea zinapatikana. RAV4 ilitoka Japani mwaka 1994. Ilikuwa kati ya magari ya kwanza ya namna yake: limeinuka kama gari la porini, lakini bodi imeundwa kama ya gari dogo la kawaida, halina chasisi nzito kama ya lori. Ndiyo maana halirushi watu sana, na halili mafuta kama magari makubwa. Lakini ndiyo maana pia halitaki kutwishwa magunia ya kabichi. Ni gari la watu 5. Anayetaka kubeba karoti za sokoni aendelee kutafuta pikapu.

Tuliloliangalia zaidi ni la umbo la pili, lililoanza kutengenezwa mwaka 2000. Yale yaliyotoka Japani yapo ya aina 2, na hapa akina mama tusikilizane vizuri. Lipo la injini ya 1,800. Hilo magurudumu ya mbele tu ndiyo yanasukuma. Injini yake haina mambo mengi. Lipo la 2,000, ambalo magurudumu yote 4 yanasukuma, ndilo watu wanaita fowili. Injini yake ni ile ya D-4, ambayo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Hiyo inataka petroli safi na fundi anayeijua. Petroli ya kwenye chupa za barabarani haifai kabisa.

Tulikodi la 2,000 kwa siku 2, kwa fedha zetu wenyewe wanakamati, tukakaa ndani akina mama 4 na dereva. Tulishuka Mombo tukapanda tena. Mnajua barabara ile, kilomita 33 za kona, kutoka joto la bondeni mpaka huku juu karibu mita 1,400. Kupanda halikusumbua, wala mshale wa joto haukusogea. Kushuka ndiko tulikojifunza. Dereva anayeacha giya kwenye D na kukanyaga breki njia nzima, akifika Soni tayari breki zinanuka. Dereva anayerudisha giya kwenye 2, injini inalishika gari na breki zinapumzika. Kwa hiyo tunasema, dereva naye ni sehemu ya gari. Ukimpata mbaya, umenunua gari bovu.

Siku ya pili tukaingia barabara za udongo, mvua ikiwa imenyesha usiku. Pale kwenye kilima ambapo pikipiki huwa zinasukumwa, lilipita polepole bila kusukumwa. Tulimwuliza dereva, la 1,800 lingepita? Akasema kiangazi litapita, masika usijidanganye. Na watoto hawachagui kiangazi kuzaliwa.

Kuhusu mgonjwa, tusiwadanganye. Siti za nyuma zinasogea, zinakunjwa, na hata kutolewa zinatoka. Lakini mtu mzima hawezi kulala humo akanyooka. Anaegemea, na msaidizi anakaa pembeni yake. Gari hili si la wagonjwa kama la hospitali. Lakini ni bora mara nyingi kuliko pikipiki.

Mambo ya kuangalia kabla ya kununua tumeyaandika. Mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni kama wa kabati, na gurudumu la akiba limening'inia hapo, basi tazama bawaba kama hazijalegea. Kata kona mpaka mwisho gari likitembea. Ukisikia mlio wa ka-ka-ka mbele, viungo vya magurudumu vimekwisha. Vuta kijiti cha oili, uliza inaongezwa kila baada ya muda gani. Liwashwe asubuhi likiwa limepoa, si mchana likiwa limekwisha kupashwa moto na muuzaji. Na fundi wa kulipima awe wetu, asiwe wa muuzaji.

Wapo waliosema tuagize nje. Sawa, lakini ushuru uhesabiwe kwanza. Pamoja na kodi nyingine, Mamlaka ya Mapato imekuwa ikitoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini inayozidi 1,000 mpaka 2,000, na asilimia 10 ikizidi 2,000. Juu ya hapo uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Umbo hili lote limekwisha kupita miaka 10. Kwa hiyo kamati inaona heri lililokwisha kuingia nchini na lenye kadi safi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo vikundi vinapoumia. Tutatumia mfano tu, kila mmoja afuate kwa vidole. Tuseme gari ni shilingi milioni 14. Tuseme linakodishwa 80,000 kwa siku pamoja na dereva, mafuta juu ya mkodi. Likipata siku 12 kwa mwezi, limeingiza 960,000. Toa mshahara wa dereva 300,000. Toa matairi, oili na gereji 200,000, hata mwezi ambao halijaharibika, iwekwe. Toa bima 50,000. Toa na uchakavu 100,000, kwa sababu gari si shamba. Shamba la milioni 14 baada ya miaka 5 linaweza kupanda bei, gari litauzwa labda milioni 8. Jumla umetoa 650,000. Imebaki 310,000.

Je, hizo milioni 14 zikibaki kwenye sanduku na kukopeshwa kwa riba yetu ya asilimia 2 kwa mwezi? Ni 280,000. Mnaona? Tofauti ni 30,000 tu, na mkopo hautobokei tairi Mombo. Halafu gari likipata siku 8 badala ya 12, linaingiza 640,000, maana yake tumepata hasara ya 10,000. Kwa hiyo atakayesimama kuwaambia kwamba gari litatutajirisha, mwombeni aje na kalamu.

Njia nyingine ni kulikodisha kwa mwezi mzima kwa mtu mmoja. Tuseme analipa 1,200,000. Baada ya kutoa zile 650,000 inabaki 550,000. Hii ndiyo njia yenye fedha. Lakini usiku wa saa 8 binti akishikwa na uchungu, gari liko wapi? Liko kwa mkodi. Tutakuwa na gari kwenye kadi, na binti kwenye pikipiki.

Jambo lenyewe ni hilo, ndugu zetu. Gari moja haliwezi kutumikia mabwana wawili isipokuwa wamekubaliana kwa maandishi.

Tulitazama pia njia ya kukodi-kumiliki, yaani kampuni inanunua gari, sisi tunalitumia na kulipa kidogo kidogo, mwisho linakuwa letu. Nchi yetu ina sheria yake ya mwaka 2008. Na akina mama tunayo sababu ya kuiheshimu njia hii. Dk. Victoria Kisyombe, daktari wa mifugo, alibaki mjane akiwa na ng'ombe aliyeitwa Sero, na maziwa ya Sero yakamsaidia kulea watoto. Akaona wajane wengi hawana hati ya kuweka dhamana benki, na mwaka 2002 akaanzisha SELFINA, ya kuwakodisha wanawake mashine na vifaa vya kazi mpaka viwe vyao. Ni njia nzuri kwa asiye na akiba. Lakini sisi akiba tunayo, na malipo ya kila mwezi hayasubiri masika yaishe. Kwa gari hili kamati haipendekezi.

Basi kamati inapendekeza nini? Inapendekeza kununua, lakini kwa masharti 6.

La kwanza, fedha ya gari isizidi theluthi moja ya akiba yote. Mikopo ya akina mama wenye biashara za mboga isisimame hata wiki moja.

La pili, liwe fowili.

La tatu, kadi ya gari iwe kwa jina la kikundi kilichosajiliwa. Isiwe kwa jina la mwenyekiti, wala mume wa mwenyekiti, wala mtoto wa mweka hazina. Leo tunapendana, lakini kifo kipo, na warithi hawajui vikao vyetu.

La nne, liwe gari la biashara waziwazi: namba nyeupe, leseni ya LATRA, waliochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na bima kubwa iliyoandikwa kwamba gari linakodishwa. Bima ya mtu binafsi siku ya ajali ya mkodi itageuka karatasi.

La tano, likodishwe kwa siku, na dereva wetu daima. Mkodi wa mwezi akija tumkubali, ila mkataba useme hivi: kuanzia saa 1 jioni hadi saa 12 asubuhi gari linalala kwetu Lushoto, mwisho wa kilomita kwa mwezi uandikwe, na zinazozidi zilipiwe. Asiyekubali kulala kwa gari kwetu, aende kwa mwingine kwa amani. Atatupunguzia bei, tunajua. Hiyo bei tunayopoteza ndiyo ada yetu ya usiku.

La sita, safari ya mgonjwa au mzazi ni haki ya kila mwanachama na nyumba yake, mafuta yalipwe na mfuko wa jamii. Lakini safari ya kwenda kununua kitenge Tanga ni ya kulipia, hata kama ni mwenyekiti. Daftari la safari likae ndani ya gari, lisomwe kila kikao kama tunavyosoma hisa.

Wenzetu wawili wa kamati hawakukubaliana nasi. Wao wanasema fedha ibaki kwenye mikopo, na tuingie makubaliano na mwenye gari mmoja hapa mjini atusaidie usiku kwa malipo. Tumeona tuyaseme maneno yao mbele yenu, maana yana uzito, na hesabu tuliyoitoa hapa inawaunga mkono kwa sehemu. Sisi tulio wengi tunajibu kwamba mwenye gari ana usingizi wake na safari zake, na hatuwezi kumlaumu akizima simu.

Uamuzi si wa viongozi. Ni wa wanachama, kwenye mkutano mkuu, kwa kura ya siri. Tunawaomba mwende nayo nyumbani, mkaizungumze na wazee na vijana wenu, na mje na maswali magumu. Mgeni rasmi, kwako hatuombi kutununulia gari. Tunaomba ofisi yako itusaidie kuharakisha karatasi za usajili, na ile barabara yetu ya kilimani ichongwe kabla ya masika.

Mungu akibariki kikundi chetu, atupe miaka 10 mingine yenye amani na akiba.

Akina mama oyee!