Kitambulisho: Dai Jibu kwa Maandishi



Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi wetu, leo tuongee jambo ambalo kila nyumba ya Garissa, Wajir na Mandera inalijua: kitambulisho. Bila hicho huna laini ya simu kwa jina lako, hupati kazi, hupigi kura, na kwenye kizuizi cha polisi unateremshwa basi likiondoka.

Taabu hii haikuanza jana. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walihojiwa peke yao na kupewa kadi ya waridi. Baadaye ikaja mitihani ya kamati za wazee, ambayo kijana wa mikoa mingine hakuwekewa. Na wapo wenzetu ambao wazazi wao, wakati wa ukame, waliwaandikisha Dadaab ili wapate mgao wa chakula. Mtoto akifika miaka 18, alama za vidole zasema ni mkimbizi, ilhali babu yake amezikwa hapahapa.

Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitangaza kuondoa uchunguzi huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini ndugu zangu, tangazo si sheria. Mwaka 2016 serikali hiihii ya Kenya iliagiza kambi za Dadaab zifungwe. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akalibatilisha agizo hilo. Siku ile mahakama iliwalinda wakimbizi. Basi tujifunze: neno la mkubwa, liwe tamu au chungu, huenda kupimwa kwa Katiba. Usilale ukitegemea tangazo.

Tutegemee nini? Katiba ya 2010, kifungu cha 14, yasema aliyezaliwa na mama au baba Mkenya ni raia. Kifungu cha 12 champa raia haki ya pasipoti na hati za usajili. Na kifungu cha 47 chasema hatua ya ofisi ya serikali ikikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Hapo ndipo tunapopoteza. Kijana anaambiwa "rudi wiki ijayo", anarudi mwaka mzima, na mkononi hana hata karatasi moja. Mahakama itahukumu kwa nini?

Tazama kesi ya Huduma Namba. Ndugu zetu Wanubi na wenzao walikwenda na hati za kiapo na mashahidi. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakakubali kwamba wasio na hati wanaweza kuachwa nje, wakaiambia serikali isiendelee mpaka iweke kanuni kamili. Walioshinda hapo walikuwa na ushahidi.

Sisi Waislamu tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 Suratul Baqara, inahusu nini? Kuandika deni na kuweka mashahidi!

Basi fanya hivi. Tunza cheti cha kuzaliwa, cha shule, na nakala za vitambulisho vya wazazi. Ukienda ofisini andika tarehe na ulichoambiwa. Ukikataliwa, andika barua uombe sababu, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Wasipokujibu, kifungu cha 22 chakufungulia mlango wa mahakama, na kesi ya haki za binadamu haitozwi ada ya kuifungua.

Nanyi wazee wetu mnaoitwa kutoa ushahidi, Suratun Nisaa aya ya 135 yatuamuru tusimamie uadilifu hata juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Msimnyime kijana haki kwa sababu ya ukoo wake, wala msimshuhudilie msiyemjua kwa ajili ya noti. Ushahidi wa uongo mmoja ndio unaotumiwa kuwashuku mia walio wakweli.

Mola azikubali saumu zetu na atujaalie tuwe wenye kusimamia haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.