Jina Kwanza, Jukwaa Baadaye: Kuchagua Mahali pa Kuweka Blogu ya Biashara au ya Mtu Binafsi

(Mada iliyotolewa kwa vikundi vya wajasiriamali na wakazi wa kata)



Asali inapotoka kwa mfugaji nyuki wa kijijini kwenda madukani Mwanza au Dar es Salaam, chupa yake hubeba lebo. Juu ya lebo huandikwa jina la kikundi, uzito, namba ya simu na, siku hizi, anwani ya mtandaoni ambako mnunuzi aweza kusoma asali hiyo ilirinwa wapi, kwa mizinga ya magome au ya kisasa, na ilichujwa namna gani. Lebo huchapwa kwa maelfu, kwa kuwa bei ya moja hushuka kadiri idadi inavyopanda. Kwa sababu hiyo suala la jukwaa gani litumike kwa blogu si la mafundi wa kompyuta peke yao. Anwani ikifa, lebo zote zilizobaki stoo zitampeleka mteja kwenye ukurasa usiofunguka, na mteja wa mjini hatapiga simu kuuliza kulikoni. Atanunua asali nyingine.

Jambo hilo limekwisha kuwapata wafanyabiashara wadogo wa nchi nyingi. Mwezi Machi 2024 Google ilizima tovuti zote zilizokuwa zimetengenezwa bure kupitia huduma yake ya wasifu wa biashara, ile inayoonyesha duka kwenye ramani. Hadi mwezi Juni mwaka huo aliyefungua anwani ya zamani alipelekwa kwenye wasifu wa duka. Baada ya hapo hakupelekwa popote. Wenye tovuti hizo hawakuvunja sharti lolote. Huduma ilifungwa tu, kama GeoCities ya Yahoo ilivyofungwa nchini Marekani mwaka 2009, na kama Posterous ilivyofungwa mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya kununuliwa na Twitter. Wala kulipa ada si kinga. Typepad, jukwaa la blogu lililokuwa likitoza wateja wake tangu mwaka 2003, lilizimwa tarehe 30 Septemba 2025.

Hapa ndipo penye kiini cha mada hii. Blogu ina vitu viwili vinavyodhaniwa kuwa kimoja: jina na jukwaa. Jukwaa ni kibanda cha kupanga sokoni. Kina mwenye nacho, kina masharti yake, na siku moja mwenye kibanda aweza kukibomoa ajenge kingine. Jina, yaani kikoa, ni kibao cha biashara. Mpangaji akihama hukibeba kibao chake, na wateja humfuata. Anayetumia anwani inayoishia na jina la jukwaa, kwa mfano blogspot.com au wordpress.com, ameazima kibanda na kibao kwa pamoja. Akiondoka huacha vyote viwili. Mwenye kikoa chake, tuseme kinachoishia na .co.tz, aweza kuhamisha maandishi kutoka jukwaa moja hadi jingine, na anwani iliyoko kwenye lebo isibadilike hata herufi moja.

Vikoa vya .tz husajiliwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa na hulipiwa kwa muda maalumu, kwa kawaida mwaka hadi mwaka. Nyingi za kampuni hizo za nchini hupokea shilingi kwa njia ya simu, na hiyo ni nafuu kubwa kwa kikundi kisicho na kadi ya benki ya kulipia mtandaoni. Ikumbukwe pia kwamba kusajili jina la biashara BRELA hakumpi mtu kikoa chenye jina hilo. Ni rejesta mbili tofauti, na mwingine aweza kuwa amekwisha kulichukua jina mtandaoni. Inafaa kuangalia zote mbili kabla ya kwenda kwa mchapaji.

Baada ya jina, ndipo lije jukwaa. Wako wanaodharau majukwaa ya bure, na dharau hiyo haina msingi. Mwezi Septemba 2005 mpigapicha Issa Michuzi alianza blogu yake akiwa Helsinki, kwa kuhimizwa na Ndesanjo Macha, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuandika blogu kwa Kiswahili. Jukwaa lililotumika lilikuwa Blogger, la bure, na kwa miaka mingi Watanzania walioko ng'ambo walifungua ukurasa huo ili kupata habari za nyumbani. Wasomaji walikuja kwa sababu kila siku palikuwa na picha mpya na habari mpya. Hakuna aliyeuliza mwenye blogu analipa kiasi gani.

Blogger yenyewe ilianza mwaka 1999 ikanunuliwa na Google mwaka 2003. Anayeitumia hahitaji kulipia hifadhi, na aweza kuunganisha kikoa chake bila kuilipa Google chochote. Gharama ni ile ya kikoa tu. Kuandika ndani yake ni kazi ya dakika chache, hata kwa simu. Kasoro zake nazo zisemwe. Sura zake ni za kizamani, haina duka la kupokea oda, na mmiliki wake ana historia ya kufunga huduma zake, kama alivyofunga Google Reader mwaka 2013 na Google+ mwaka 2019. Kwa mwenye kikoa chake kasoro hiyo ya mwisho ni usumbufu wa siku chache. Kwa asiye nacho ni hasara isiyorudi.

WordPress huhitaji maelezo marefu zaidi, maana jina hilo moja limewapotosha wengi. Kuna programu ya WordPress, iliyotolewa mara ya kwanza mwezi Mei 2003, ambayo ni programu huria: mtu yeyote aweza kuichukua bila malipo na kuiweka kwenye kampuni yoyote inayohifadhi tovuti. Kisha kuna WordPress.com, huduma ya kampuni iitwayo Automattic, ambayo humhifadhia mtu blogu yake. Katika huduma hiyo kifurushi cha bure huja na matangazo yasiyochaguliwa na mwenye blogu, na kuunganisha kikoa huhitaji kifurushi cha kulipia. Programu huria ndiyo inayompa mtu uhuru mkubwa kuliko yote. Aweza kuweka duka, fomu ya oda na lugha mbili, na akigombana na kampuni ya hifadhi huhamia nyingine akiwa na kila kitu chake. Lakini uhuru huo una kazi yake. Programu hiyo na viongezo vyake lazima visasishwe mara kwa mara. Iliyoachwa miezi sita bila mtu huvamiwa, na siku moja mteja anayetafuta asali hujikuta kwenye ukurasa wa kamari. Kikundi kisicho na mtu wa kazi hiyo kisiichukue, hata kama fundi aliyekuja kuiuza ana maneno matamu.

Wix na majukwaa ya namna hiyo hupendeza macho na hujengwa kwa kuburuta picha na maandishi, ila tovuti nzima iliyojengwa humo haiwezi kuchukuliwa ikawekwa kwingine. Medium, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Evan Williams, mmoja wa waliowahi kuanzisha Blogger, humfaa mwandishi binafsi anayetafuta wasomaji, si muuza bidhaa. Kuhusu kurasa za Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp, hakuna anayeshauriwa kuziacha, kwa kuwa huko ndiko wateja waliko. Hata hivyo tarehe 4 Oktoba 2021 zote tatu zilizimika kwa pamoja kwa takribani saa sita, na muuzaji ambaye orodha ya bei na picha za bidhaa zilikuwa huko tu hakuwa na mahali pengine pa kumwelekeza mnunuzi.

Bei pia iangaliwe kwa jicho la mkulima. Vifurushi vya majukwaa ya nje hutozwa kwa dola. Shilingi ikishuka thamani, ada hupanda bila jukwaa kubadilisha chochote, na mara nyingi bei ya mwaka wa kwanza ni ya kuvutia wateja tu. Inayofaa kuulizwa ni ya mwaka wa pili. Kikundi kilichopata mkopo wa halmashauri kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kina rejesho la kulipa, na si vyema ada ya tovuti ishindane na rejesho hilo.

Kwa kupima hayo yote, vikundi vingi vya kata vingefaa kuanza na Blogger pamoja na kikoa cha .co.tz. Anayepokea oda kila siku, na ana kijana anayelipwa kwa kazi hiyo, ana sababu ya kwenda WordPress. Mwalimu mstaafu anayeandika historia ya kijiji au kumbukumbu za ukoo aweza kuanza Blogger bila kikoa, mradi ahifadhi nakala.

Nakala hiyo ndiyo kipimo cha jukwaa lolote. Kabla ya kuamua, iandikwe makala moja yenye picha tatu, kisha itafutwe sehemu ya kupakua maudhui yote. Isipopatikana, jukwaa hilo liachwe. Ikipatikana, faili lipakuliwe na kuangaliwa kilichomo. Kwa kawaida faili la Blogger hubeba maandishi na maoni, lakini picha hubaki kama viungo vya kuelekea kule zilikohifadhiwa. Blogu ikifa, viungo navyo hufa. Picha za asili hazina budi kuwekwa pembeni, kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Na zinapopandishwa kwenye blogu zipunguzwe ukubwa kwanza. Picha kumi za MB 4 kila moja ni MB 40, na msomaji anayetumia kifurushi cha siku atafunga ukurasa kabla haujafunguka. Zikipunguzwa hadi KB 150 kila moja, zote kumi ni MB 1.5.

Limebaki jambo ambalo husababisha hasara nyingi zaidi kuliko kufungwa kwa majukwaa yote yaliyotajwa, nalo ni funguo. Mwenendo wake unafahamika. Kikundi kinakubaliana kuwa na blogu. Kijana mmoja mwenye ujuzi anajitolea, anaifungua kwa barua pepe yake, anasajili kikoa kwa jina lake, na namba za uthibitisho zinatumwa kwenye laini aliyoisajili kwa alama zake za vidole. Hana nia mbaya hata kidogo. Mwaka unaofuata anapata kazi mkoa mwingine, anabadilisha laini, na barua ya kukumbusha malipo ya kikoa inafika mahali ambapo hakuna anayesoma. Kikoa kinakwisha muda, mtu mwingine anakichukua kihalali, na kikundi hakina karatasi ya kuonyesha kwamba jina lile lilikuwa lao.

Dawa yake vikundi vinaijua tayari. Sanduku la hisa lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, na hakuna anayeona ni dharau kwa mweka hazina. Blogu nayo ifanyiwe hivyo. Ifunguliwe barua pepe ya kikundi, si ya mtu. Kikoa kisajiliwe kwa jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti chake. Ziwekwe namba mbili za simu za kurejesha akaunti, za wajumbe wawili tofauti. Zile namba za akiba ambazo akaunti hutoa kwa ajili ya dharura zichapwe na kufungiwa sandukuni. Tarehe ya mwisho ya kikoa iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na malipo yake yaingizwe kwenye bajeti kama kodi ya pango. Kiongozi anapobadilishwa, makabidhiano yajumuishe nywila, na nywila ibadilishwe siku hiyohiyo.

Kwa upande wa sheria, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu kuomba leseni kwa TCRA, ada ya leseni ikiwa shilingi 1,000,000 mbali na ada ya maombi. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Anayekusudia kutoa habari na matukio, hata ya kijiji kimoja, aulize TCRA kabla ya kuchapisha chapisho la kwanza. Anayeweka picha za wateja au namba zao za simu naye akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu. Ridhaa iombwe kwanza.

Mwisho ni kwa wale ambao lebo zao zimekwisha kuchapwa zikiwa na anwani ya blogspot.com. Hazina haja ya kutupwa. Kikoa kipya kinapounganishwa na blogu hiyohiyo ya Blogger, anwani ya zamani humpeleka msomaji kwenye mpya yenyewe, bila yeye kufanya lolote. Kosa la kuepuka ni kuifuta blogu ya zamani na kuanza nyingine. Iachwe ilipo, kikoa kiunganishwe, lebo za zamani zitumike hadi ziishe, na zitakazofuata zichapwe na jina jipya.