Jike wa Samaki Anayezaa Watoto Hai

Leo tunaingia tena majini, ila si kwenye bwawa la perege. Tunazungumza juu ya samaki wadogo wa mapambo, wale wanaowekwa kwenye matangi ya kioo majumbani na mahotelini. Kwa mkulima anayekaa karibu na mji, samaki hawa wanaweza kuleta fedha kidogo bila kuhitaji shamba kubwa. Lakini kabla hujanunua hata mmoja, nenda kwanza mjini ukaulize nani atawanunua, wa rangi gani, na kwa bei gani.

Anayefaa kuanza naye ni gapi. Jina hili limetokana na Bwana Robert John Lechmere Guppy, aliyewapeleka samaki hao London kutoka kisiwa cha Trinidad katika miaka ya 1860. Perege jike hutaga mayai, kisha huyaokota na kuyabeba kinywani. Gapi hafanyi hivyo. Mayai yake hukaa tumboni, watoto hukua humo, na baada ya wiki tatu hadi nne hivi hutoka wakiwa hai na wanaogelea. Jike mchanga huenda akazaa watoto wasiofika kumi. Aliyekomaa huzaa ishirini, thelathini, na hata zaidi.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu akiona tumbo limevimba ndipo anapokumbuka kumlisha jike vizuri. Amechelewa! Mtoto wa gapi akiwa tumboni hutegemea zaidi kiini cha yai lake, na kiini hicho kilijazwa kabla mimba haijatunga. Ni kama kuweka mbolea ya kukuzia wakati mahindi yamekwisha kubeba. Kwa hiyo jike alishwe vizuri siku zote: unga laini wa dagaa na pumba kidogo, na viluwiluwi vya mbu ukivipata. Mpe kidogo kidogo mara mbili kwa siku, kiasi anachoweza kumaliza kwa dakika chache. Chakula kinachobaki huoza na kuchafua maji.

Jambo la pili ni madume. Dume wa gapi hana adabu. Humfukuza jike kutwa nzima, awe na mimba au asiwe nayo. Ukiweka madume wengi na majike wachache, majike huchoka, hushindwa kula, na hufa. Weka dume mmoja kwa majike watatu. Wala usiogope kuwatenga, kwa sababu jike huhifadhi mbegu za dume mwilini na anaweza kuzaa tena na tena kwa miezi kadhaa bila kumwona dume. Ndiyo maana jike uliyemnunua akiwa mkubwa anaweza kukuzalia watoto wa rangi usiyoitegemea: alikuja na mbegu za huko alikotoka.

Utajuaje kwamba siku zimekaribia? Mtazame kwa ubavuni. Karibu na tundu la haja kuna doa jeusi. Hilo huzidi kuwa kubwa na kukolea. Tumbo halibaki mviringo, huwa kama lina pembe upande wa mbele. Jike hujitenga pembeni na huenda akaacha kula. Lakini angalia pia kwa juu. Ukiona magamba yamesimama kama ganda la nanasi, hiyo si mimba, ni ugonjwa, na samaki huyo mtenge mara moja.

Kama unataka kumhamisha azalie peke yake, mhamishe mapema, wiki moja au zaidi kabla ya siku zake. Ukimkurupusha siku ya mwisho anaweza kuharibu mimba na kutoa watoto ambao bado wamebeba kiini tumboni. Hao hawaponi kwa urahisi. Usimwinue kwa wavu akapigapiga hewani. Mchote kwa bakuli pamoja na maji yake, na chombo anachokwenda kiwe na maji yaleyale ya zamani. Maji ya bomba yenye dawa yaache kwenye ndoo wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatumia. Tangi jipya la saruji nalo lijaze maji na kuyamwaga mara nyingi kwa wiki kadhaa, maana chokaa yake huua.

Na wale watoto wanaopotea usiku? Wameliwa, na mara nyingi mama yao ndiye wa kwanza. Hana kosa, kwake yeye kinachopita mbele ya mdomo ni chakula. Jaza majani ya majini kwenye chombo, au chambua kamba ya nailoni, ioshe vizuri, uifunge mafungu yaelee. Watoto watajificha humo. Akimaliza kuzaa mtoe mama, umpumzishe mbali na madume kwa siku chache. Watoto hula siku hiyohiyo: kiini cha yai la kuchemsha kilichosagwa, kiasi cha ncha ya kisu tu. Kila wiki badilisha theluthi moja ya maji.

Wakifika mwezi mmoja hivi, anza kuwachungulia. Dume utamjua kwa pezi la chini ya tumbo, ambalo huwa jembamba kama kijiti. Watenge madume hapo hapo, uchague mwenyewe nani azae na nani auzwe.

Neno moja juu ya wanaozidi. Usiwamwage mtoni wala ziwani. Sangara walitiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zimetoweka. Gapi ni mdogo, lakini hula watoto wa samaki wengine na huzaa upesi. Usiowahitaji, wape kuku.