Doa Chini ya Gari
Mazungumzo kwa madereva, mafundi na wenye magari wa Kaunti ya Kwale



Kila asubuhi, Ukunda, Kombani na Kinango, magari huondoka stendi yakaacha madoa chini, na wenyewe huyaruka wakikimbilia abiria. Madoa mengine hayana neno. Mengine yanaweza kungoja hadi jioni. Lakini liko moja ambalo likionekana, gari halitoki hapo lilipo, hata kama viti vimejaa.

Kulitambua hakuhitaji mashine. Dereva hutandika kadibodi safi chini ya gari usiku na kutia alama upande wa mbele. Asubuhi huangalia tone limeanguka wapi, lina rangi gani, linateleza vipi kati ya vidole, na linanuka nini. Asilionje, maana dawa ya rejeta ni sumu ingawa harufu yake ni tamu.

Maji matupu, meupe, yasiyo na harufu, chini ya upande wa mbele wa abiria, mara nyingi ni ya kiyoyozi. Kwa joto na unyevu wa Pwani hayo ni kawaida. Ila wengi hujaza rejeta maji ya mfereji bila dawa, kwa hiyo rejeta inayovuja nayo hutoa maji tu, pengine yenye rangi ya kutu. Kama kiyoyozi hakikuwashwa na bado kuna maji, au maji ya rejeta yanapungua, hapo ndipo pa kutazama. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Mvuke wake huchoma uso mara moja.

Rangi ya kahawia au nyeusi, nzito, katikati ya mbele, ni oili ya injini. Nyekundu na laini kwa kawaida ni oili ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Harufu ya petroli haina mjadala: injini izimwe, sigara na moto viwe mbali, aitwe fundi.

Sasa lile doa lenyewe. Mafuta ya breki ni mepesi kama mafuta ya kupikia, hayana rangi au yana umanjano kidogo, na hubabua rangi ya gari yakiimwagikia. Huonekana ndani ya gurudumu au chini ya pedali. Mara nyingi pedali nayo huwa laini, ikikanyagwa inazama. Kijana huja kwa fundi mbio: “Mzee, nijazie tu, abiria washaingia.” Fundi mwenye utu hujibu: “Mwanangu, gari hili haliendi.” Mafuta ya breki yanayovuja hayatibiwi kwa kujaziwa, kwa sababu tundu liko pale pale, na mteremko wa kutoka Kwale mjini kwenda Kombani haumngoji mtu. Kutia oili ya injini kwenye chupa ya breki ni kosa kubwa zaidi: huvimbisha mipira ya ndani, mfumo mzima ukaharibika.

Tukirudi kwenye oili ya injini, kuibadilisha ni kazi ambayo mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe. Kusema kweli, pesa anazookoa si nyingi. Faida ni kwamba kila baada ya miezi kadhaa anachungulia chini ya gari lake na kuona kilicholowa kabla hakijamsimamisha njiani.

Injini huwashwa dakika chache ipate uvuguvugu, kisha huzimwa. Gari liwe mahali tambarare, hendibreki juu, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe. Jeki ni ya kuinulia tu. Anayeingia chini ahakikishe gari limekaa juu ya stendi za chuma, si matofali wala mawe ya matumbawe, maana hayo hupasuka bila onyo.

Mfano uwe Toyota Probox ya injini ya 1NZ, inayoonekana kila mahali. Nati ya sampu hufunguliwa kwa spana namba 14, oili ikamwagika kwenye beseni. Filta ya zamani ikitoka, dereva ahakikishe imetoka na mpira wake. Mpira ukibaki, filta mpya haikazi vizuri na oili yote yaweza kumwagika barabarani. Mpira wa filta mpya hupakwa oili kidogo, filta ikakazwa kwa mkono. Nati nayo huanzishwa kwa vidole, ikiwa na washa mpya, ndipo spana ije. Anayeikaza kwa nguvu za hasira huvua meno ya sampu.

Injini hiyo huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta. Ni vizuri kutia lita 3.5 kwanza, kungoja, kupima kwa kijiti, kisha kuongeza kidogo kidogo. Kuzidisha nako ni kubaya. Injini huwashwa dakika moja. Taa ya oili ikikataa kuzima, izimwe papo hapo. Kilomita huandikwa. Anayefanya kazi kwenye vumbi la Kinango na mizigo asingoje muda mrefu kama anayezunguka Diani kwenye lami.

Sasa beseni limejaa oili chafu. Wapo wanaoimwaga nyuma ya nyumba, wapo wanaopaka nguzo za ua kuzuia mchwa, wapo wanaonyunyiza njiani kutuliza vumbi. Ardhi ya Tiwi na Diani ni mchanga na matumbawe, hupitisha kila kitu, na chini yake ndimo mna maji ya visima ambayo watu hunywa. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kutupa taka kwa njia inayochafua mazingira au kudhuru afya. Oili hiyo itiwe kwenye galoni lenye kifuniko, isichanganywe na maji wala petroli, ipelekwe gereji inayowauzia au kuwapa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA. Filta nayo iachwe ichuruzike usiku kucha, iende pamoja.

Usiku huo kadibodi safi hurudishwa chini ya gari. Tone likionekana asubuhi, nati na filta ndizo za kukaguliwa kwanza.