Mapatano ya Mali Kabla ya Ndoa

Wakristu wapenzi, leo tunajibu swali la wachumba wengi: Je, ni dhambi kufanya mapatano ya mali kabla ya kufunga ndoa?

Tumfikiri mwanamume aliyefiwa na mkewe. Ameachiwa watoto watatu na shamba la michikichi walilolipanda pamoja na mama yao. Sasa anamposa mjane, mwenye watoto wake na mbuzi wake. Wanapatana mbele ya wazee wa pande zote mbili: shamba lilindwe kwa ajili ya watoto wa marehemu, mbuzi wawe wa watoto wa mjane, na mali watakayoipata pamoja iwe yao wote wawili. Je, wamekosa? Hapana. Wamewatendea yatima haki, nao wamezuia ugomvi wa kesho. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 nayo inawaruhusu wachumba kuchagua jinsi mali yao itakavyoshikwa.

Lakini sikilizeni vema. Mwingine asema: «Ninamwoa, lakini asipozaa katika miaka miwili, nitamrudisha kwao, nao watanirudishia mahari yangu.» Huyu hakuweka mpaka katika shamba, ameuweka katika ahadi yenyewe. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1102, yakataza neno hilo: ndoa iliyofungwa kwa sharti la mambo yajayo si halali. Hata akisimama mbele ya padri na kutamka maneno yote, ndoa haipo. Bwana wetu alifundisha kwamba waliounganishwa na Mungu, mwanadamu hana ruhusa ya kuwatenganisha. Watoto ni zawadi ya Mungu. Mke si mbuzi wa kurudishwa sokoni kwa kuwa hakuzaa.

Basi, wachumba, jiulizeni: mapatano yetu yagawa vitu, au yatugawa sisi? Yakigawa vitu kwa haki, mwonyesheni padri, asome, mwendelee kwa amani. Yakiwa mlango wa kutokea, yavunjeni kabla ya kufika altareni.

Tukumbuke:

Swali: Wachumba waweza kupatana juu ya mali?
Jibu: Ndiyo, kwa haki, na bila kumdhulumu mtu.

Swali: Waweza kuoana kwa sharti la kupata watoto?
Jibu: Hapana. Ahadi ya ndoa ni ya maisha yote, katika raha na katika taabu.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.