Je, Ulevi ni Maradhi?

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Leo nawasalimu hasa wenzetu wa darasa la Mbebe, katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe. Wao ndio waliotuletea swali la leo. Wameuliza hivi: "Mtu asiyeweza kuacha pombe ni mgonjwa, au ana tabia mbaya tu?"

Swali hili si la mchezo. Jibu lake ndilo linaloamua kama mlevi atapelekwa kwa daktari, au atashtakiwa kwa mwenyekiti wa kijiji, au ataachwa alale njiani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kunywa ni jambo moja, na ulevi ni jambo jingine. Pombe ya ulezi na mahindi ni ya zamani katika nchi yetu. Hunywewa harusini, na watu wanaposaidiana kazi za shamba. Wengi hunywa kidogo, kisha hurudi nyumbani. Wengine hawanywi kabisa. Leo hatuzungumzi juu ya hao. Tunazungumza juu ya mtu aliyeshikwa na pombe.

Tuchukue mfano. Mkulima mmoja ana shamba zuri la kahawa. Zamani alikuwa akinywa siku ya soko tu. Siku hizi anaamka mikono ikitetemeka, wala hawezi kushika jembe mpaka apate kikombe cha kwanza. Fedha ya kahawa huishia kilabuni kabla ya kununua mbolea. Mkewe anauza kuku ili watoto wapate madaftari. Ameapa mara nyingi kwamba ataacha, na anapoapa hasemi uongo. Lakini jua likitua, miguu yake humpeleka kulekule.

Je, huyu ni mgonjwa? Madaktari wanasema ndiyo, na hawakuanza kusema jana. Mwaka 1804 daktari mmoja wa Scotland, Thomas Trotter, alichapisha kitabu akieleza kwamba mazoea ya ulevi ni maradhi ya akili. Mwaka 1956 chama cha madaktari cha Marekani kilitangaza kwamba walevi wapokelewe hospitalini kama wagonjwa wengine. Leo Shirika la Afya Duniani linayo hali hii katika orodha yake ya maradhi. Orodha mpya ilianza kutumika mwaka 2022, nayo hutaja dalili tatu:

1. Mtu hawezi kujizuia. Akianza hawezi kupima, na akitaka kuacha anashindwa.
2. Pombe inatangulia kila kitu: kazi, chakula, watoto, hata afya yake.
3. Mwili umeizoea. Anahitaji nyingi zaidi ili alewe, na akiikosa anatetemeka na kutoka jasho.

Mtu akiwa na dalili mbili kati ya hizo, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mmoja, daktari atasema anaugua.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa pana hatari. Pombe huutuliza ubongo. Ikiingia kila siku, ubongo hujizoeza kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili ushindane nayo. Ni kama mtu anayesukuma mlango unaozuiwa kwa ndani: ukiachiwa ghafula, ataanguka. Mlevi wa siku nyingi akinyimwa pombe ghafula anaweza kushikwa na degedege katika siku mbili za kwanza. Wengine, baada ya siku mbili au tatu, huona vitu visivyokuwapo na kupotewa na akili. Wengine hufa. Kwa hiyo msimfungie mtu wa namna hiyo chumbani mkidhani mnamsaidia. Mpelekeni zahanati au kituo cha afya. Madaktari wanazo dawa za kuutuliza mwili polepole, na vitamini za kuukinga ubongo.

Wako wanaopinga. Wanasema, "Malaria humpata mtu bila kutaka, lakini pombe huinunua mwenyewe." Ni kweli anainunua. Lakini mvuta sigara naye hununua sigara, na akiugua saratani ya mapafu hafukuzwi hospitalini. Tena watu hawalingani. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya kushikwa na pombe hurithiwa katika ukoo. Ndugu wawili hunywa chungu kimoja, mmoja akaacha na mwingine akazama.

Wengine wanaogopa kwamba mlevi akiitwa mgonjwa atapata kisingizio. Hofu hii ina maana, lakini sheria imekwisha kuijibu. Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kwamba ulevi si utetezi mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe. Mgonjwa wa kifua kikuu hana lawama kwa kuugua, lakini ana wajibu wa kumeza dawa. Na mlevi ni vivyo hivyo.

Basi jibu langu ni hili: ulevi ni maradhi, ila ni maradhi yasiyopona bila mgonjwa mwenyewe kushiriki. Na kijiji nacho kina sehemu yake. Zamani pombe kali iliuzwa katika vifuko vidogo vya plastiki, tukaviita viroba. Bei yake ilikuwa ndogo, hata mtoto aliweza kununua. Serikali ilivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, kwa sababu kitu kilicho karibu na rahisi huwashika wengi.

Ikiwa nyumbani kwenu yuko mtu wa namna hii, fanyeni haya. Zungumzeni naye asubuhi, kabla hajalewa, wala si mbele ya watu. Mwende naye zahanati. Wao watamwelekeza hospitali ya wilaya, au Mbeya, ikihitajika. Kubalianeni naye ni nani atakayeshika fedha ya mavuno. Na akirudi akiwa ameacha, msimcheke wala msimjaribu kwa kikombe kimoja. Wengi huanguka tena kabla ya kusimama. Hilo lisiwakatishe tamaa.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Taja dalili tatu za maradhi ya ulevi.
2. Kwa nini ni hatari kumnyima pombe ghafula mlevi wa siku nyingi?
3. Kijijini kwenu kilabu hufunguliwa saa ngapi? Je, saa hizo zinafaa?
4. Andika sentensi tatu za kumwambia ndugu yako anayeugua ulevi.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.